Mvumo Chini ya Kicheko

Mteja alikosea tangu mwanzo: alidhani fundi sauti anauharibu wimbo wa marehemu mama yake, uliobaki kwenye kanda moja tu. Fundi, mwanamke aliyezoea kufumba macho na kuegemeza kiganja kwenye spika, alikuwa akiuhamishia kwenye kompyuta huku akiuongezea mvumo kama wa mvua ya mbali.

"Dada, si nilikuomba uusafishe?"

"Tulia, kaka yangu. Kompyuta hupima sauti kwa ngazi. Iliyo ndogo mno hukwama chini ya ngazi ya kwanza, ikapotea. Mvumo huu unaibeba mgongoni hadi isikike."

Akainua kidole. Wimbo, ambao awali ulikatika vipandevipande mwishoni, ukafifia taratibu, na humo ndani mama akacheka. Mteja aliruka kitini. Baadaye sana karani wa studio alimwambia kwamba kazi ile ilikuwa imekamilika siku moja kabla hajafika. Fundi aliirudia mbele yake ili tu auone uso wake atakapokisikia kicheko kile.