Neno Lililombakia Kinyozi

Kila asubuhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya banda la kuku, mke wa kinyozi hufagia uwanja kwa mtindo wake. Huanzia mlangoni, hurudi kinyumenyume hadi kwenye kiti, kisha hukizunguka kiti hicho taratibu, kana kwamba aliyeketi juu yake ni mteja anayengoja zamu. Aliyeketi ni mumewe. Kiti ni kilekile cha mbao chenye egemeo la kichwa, ambacho kwa miaka mingi watu wa kijiji kizima walikikalia, wakainamisha shingo na kusikiliza.

Maana kinyozi huyu hakunyoa tu, alisema. Walikuwapo waliokwenda kwake na vichwa vilivyokwisha kunyolewa, wakidai kwamba nyuma ya sikio pamebaki kitu. Aliyelalamika kuwa wembe unakwaruza alijibiwa kwamba wembe hauna kosa, ni kichwa chake kilichojaa mabonde kama barabara ya mnadani. Watoto waliofurukuta aliwashika kidevu kwa vidole viwili na kuwabembeleza: "Bado kidogo, bwana mkubwa. Bado kidogo." Wazee aliwapa nyama ya ulimi mpaka wakaondoka wakiwa na nywele pungufu na mioyo myepesi.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wake uliota mfupa siku moja ya masika, akiwa katikati ya shavu la mtu. Wembe ulianguka kwanza, kisha yeye. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu wa kulia, kikachukua maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "bado".

Mkewe akajifunza kuishi na neno hilo kama mpishi mwenye sufuria moja, ambaye humo humo hupika uji, hupasha maji na kuchemsha chai. Aligundua mapema kwamba heshima ya mumewe ilikuwa katika namna ya kuuliza. Hakumwuliza kama ana njaa. Alimwuliza kama ameshiba. Hakumwuliza kama jua linamchoma; alimwuliza kama kivuli kimemfikia.

"Umechoka kukaa?"

"Bado."

"Chai imepoa?"

"Bado."

Mpita njia aliyesikia hayo nyuma ya ua alidhani ni mazungumzo ya watu wawili wenye akili zao timamu, waliozoeana hata hawana haja ya maneno mengi. Jirani yao, mchonga mipini ya majembe, aliyekuwa mtani wa kinyozi tangu ujana, aliapa kwamba rafiki yake ni mzima wa afya, ila amekuwa mchoyo. Alisema mtu aliyekula maneno ya kijiji kizima hana budi kufunga kidogo.

Daktari wa zahanati hakuwa na utani. Alimweleza mama huyo kwa upole kwamba lile neno si jibu. Ulimi umekwama, alisema, mfano wa gari kwenye tope: gurudumu linazunguka, gari haliendi. Akauliza ni maneno gani mgonjwa aliyazoea sana katika kazi yake. Mama alipomtajia ile "bado kidogo" ya watoto, daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeokota ufunguo. Basi ndilo hilo, alisema. Usitundike matumaini juu yake. Mama akashukuru, akarudi nyumbani, akaendelea kuuliza.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumweleza daktari, wala mtu mwingine. Alipokuwa bi harusi mgeni katika nyumba ile, kinyozi alikuwa akipaza sauti kutoka barazani: maji yamechemka? Naye akijibu kutoka jikoni: bado. Vitambaa vimekauka? Bado. Ikafika wateja wanacheka kabla hajajibu, na mume akampa neno hilo liwe jina. Mbele za watu alikuwa mama watoto. Wakiwa wawili tu, alikuwa Bado. "Bado, njoo uninyoe," alizoea kusema jioni wateja wakiisha, huku akijitupa kitini. "Kinyozi hajinyoi." Watoto walikua na kuondoka bila kulijua jina hilo.

Kwa hiyo siku ile mgonjwa alipofumbua jicho na kutamka neno lake la kwanza, wengine wote walisikia mtu anayesema kwamba hajawa tayari. Mkewe peke yake aligeuka, kama mtu aliyeitwa.

Ameitwa kweli? Hilo ndilo lililomsumbua. Ikiwa ni jina lake, basi mumewe yumo mle ndani, nyuma ya uso uliopinda, anagonga mlango. Ikiwa ni ile ya watoto, basi miezi yote hii amekuwa akizungumza na kiti. Hakuthubutu kupima.

Aliyepima ni binti yao. Alikuja kiangazi na shuka mpya na nia ya kumshawishi mama aifunge nyumba, wote wawili wahamie kwake mjini. Asubuhi ya pili alisimama mlangoni na ndoo mkononi, akamtazama mama akimnyoa baba. Povu lilikuwa jeupe chini ya jua changa. Mzee aliinua kidevu mwenyewe, kisha akauvuta mdomo upande mmoja ili shavu likazike, kama alivyowaamuru wengine maisha yake yote. Mkono wake mzima uliushika ukingo wa kanga ya mkewe. Kuku walikuwa wakidonoa kandokando ya mistari ya ufagio. Binti aliona kwamba ni jambo zuri, na uzuri ule akashindwa kuustahimili.

"Baba, unaumwa?" aliuliza.

"Bado."

"Unataka maji?"

"Bado."

"Mimi ni nani, baba?"

"Bado."

"Usimwulize hivyo," mama alisema.

"Nimwulizeje, mama? Majibu unayapika wewe. Yeye anapakuliwa tu." Kisha, bila ubaya wowote, akamwonyesha mama kwa kidole. "Haya, baba. Na huyu ni nani?"

Wembe ukasimama hewani. Kinyozi akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Bado," alisema.

Binti akafungua viganja vyake, kama kusema, si umesikia? Mama alikuwa amesikia. Akainama karibu na uso wa mumewe. Ndipo kuku mmoja akapita mbele ya kiti. Kinyozi akamfuata kwa macho, na kwa sauti ileile, kwa upole uleule, akamwambia naye: "Bado."

Mama akamalizia shavu. Angemweleza binti habari ya jina, binti angemhurumia au angemwamini, na vyote viwili vingemvunja. Siku ya safari binti alipomwuliza kama yuko tayari kuhama, mama alifungua kinywa, akalikuta ulimini neno moja tu. Akakifunga, akatikisa kichwa.

Masika yaliporudi, neno lile likaanza kulika mwishoni, kama sabuni. Likawa "ba" na pumzi, likawa pumzi. Mchonga mipini bado huja, hukaa, huondoka bila utani. Mama angali anauliza kama kivuli kimefika, kama chai imepoa. Kisha hungoja kidogo, akasogeza kiti, akapuliza chai.

Leo amefagia, amepaka povu. Kidevu hakikuinuka. Akakiinua kwa vidole viwili, akavuta shavu, akashusha wembe.

"Bado kidogo," akamwambia. "Bado kidogo, bwana mkubwa."