Bahari ya Sebuleni

Mimi ni Msambaa wa Dindira. Nimekulia kwenye ukungu na majani ya chai, na bahari nimeiona nikiwa mtu mzima nimeshaolewa. Kwa hiyo asinilaumu mtu nikisema lile tangi la samaki nilikuwa naliita mke mwenzangu. Mume wangu alifanya kazi Tanga miaka mingi, kazi ya kuzamia na kuhesabu matumbawe, na alipostaafu tukahamia Korogwe hakukubali kuiacha bahari kule ilikozaliwa. Akatengenezesha tangi la kioo refu kuliko kochi letu, akaliweka sebuleni. Akapata kibali cha kuchukua vipande vya matumbawe vilivyovunjika, akavishikiza juu ya mawe, navyo vikaota. Maji yalikuja kwa basi kutoka Tanga kwenye madumu ya manjano, na pale stendi makondakta walimuuliza kila mara kama nyumbani kwake anapika chumvi.

Mbele ya tangi kulikuwa na kiti kimoja, chake. Akishaswali alasiri anakaa pale, uso kwenye kioo, kisogo kwetu sote. Ukimsemesha anajibu "mmh." Siku moja nilimwambia nyumba inaungua, akasema mmh. Nikaenda zangu jikoni.

Alichopenda kuliko vyote ni samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, walioishi ndani ya kitu kama ua lenye vidole laini. Mgeni akija lazima asomewe habari zao. Yule mkubwa ndiye mke, alikuwa anasema, na mdogo ndiye mume, haendi mbali na mkewe hata akifukuzwa. Wanaume wenzake wa msikitini walicheka mpaka wakamwaga chai. Mimi habari ile niliisikia mpaka nikaichoka, ningeweza kuwasomea wageni mwenyewe.

Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua. Akipanda ngazi tatu za barazani anakaa chini kama mtu aliyetoka shamba. Madaktari wakasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, apasuliwe, Dar es Salaam. Binti yetu anaishi huko, akasema atamuuguza, mimi nibaki na nyumba. Ukweli nilibaki na tangi, maana nyumba ingeweza kujitunza. Asubuhi ya kuondoka aliweka kiganja kwenye kioo, akasema, "Nitunzie hawa. Nikirudi nikawakuta, nitajua na mimi nimerudi."

Jamani, maneno gani hayo ya kumwachia mtu? Nilimbebea begi mpaka kwenye gari nikiwa nimekasirika, na hasira ile, nikikumbuka sasa, ilikuwa hofu tupu.

Kila alasiri alipiga simu ya picha. Ananisalimu haraka haraka, kisha anaomba nigeuze simu kwenye tangi. Binti aliniambia akishawaona wale samaki anakula, asipowaona anasukuma sahani. Basi nikawa nageuza simu.

Zilikuwa zimebaki siku chache apasuliwe. Nilitoka sokoni asubuhi na kapu langu, nikafungua mlango, nikasimama. Nyumba ilikuwa kimya. Pampu ya lile tangi ilikuwa inanguruma usiku na mchana, nimeilaani miaka yote, na sasa haisikiki. Feni ya dari inazunguka, kwa hiyo umeme upo. Ni pampu iliyokufa. Maji yametulia kama uji uliopoa, samaki wote wamepanda juu wanapigapiga midomo, na harufu imeanza, ile ya kitu kinachojiandaa kuoza.

Mume wangu alikuwa anaiita pampu ile moyo wa tangi. Alikuwa anawaambia wageni hivyo: huu ndio moyo, ukisimama hawa hawana maisha. Sasa umesimama. Mimi si mtu wa kuamini ndege mbaya wala ndoto, nimewasema sana wanaoamini, lakini kapu liliniponyoka na nyanya zikabingirika mpaka chini ya kochi. Nilimpigia binti nikamuuliza baba yako yukoje. Akasema anakunywa uji. Nikamuuliza tena, una hakika anakunywa? Akaniuliza mama una nini, nikakata simu.

Nilichukua jagi la plastiki. Nilichota maji nikayamimina kutoka juu, yakashuka yakapiga povu, nikachota tena. Ndivyo tunavyopoza chai ya mtoto, unainua kikombe, unamimina, hewa inaingia. Nilijua samaki wanataka hewa, zaidi ya hapo sikujua kitu. Nilimimina mpaka bega likafa ganzi, nikahamia mkono wa kushoto. Nikiacha kidogo nipumzike, wanapanda tena juu na midomo yao.

Pampu ya namna ile Korogwe haiuzwi. Kuiagiza Dar maana yake nimwambie binti, na binti yangu nampenda lakini mdomo wake hauna mlango. Nikampigia yule bwana wa Tanga anayetujazia madumu, akaahidi kupakia maji kesho yake. Halafu nikampigia mama mkwe, Handeni. Sikutaka anisaidie. Nilitaka tu mtu mwingine ajue, maana nilikuwa naogopa peke yangu na hofu ile ilikuwa inanizidi. Alasiri simu ilipoita, nikamwambia mume wangu bando imeisha, picha haitoki. Akasema mmh.

Kesho yake, baada ya kukesha na jagi, nilikwenda stendi kungoja madumu. Basi lilichelewa. Nilikaa pale nimeshika roho mkononi, nahesabu midomo ya samaki kichwani, na niliporudi na bodaboda iliyosheheni madumu, nikamkuta mama mkwe sebuleni. Amejifunga khanga kiunoni, ana jagi langu, na pembeni yake yamelala madumu mawili matupu ambayo si yangu.

Nilimwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akasema kwa furaha kabisa amewaongezea bahari.

Ukitaka kuelewa, lazima ujue maji ya kisima cha kwao. Ni ya chumvi. Chai yake ina chumvi, sabuni haitoi povu, na ukioga ngozi inabaki nyeupe. Mtu aliyezaliwa pale anaambiwa tangu mtoto kwamba maji yao ni ya chumvi, na mama mkwe, ambaye bahari hakuwahi kuionja, alifanya hesabu yake: samaki wa mwanangu wanataka maji ya chumvi, mimi nina kisima. Akachota, akasafiri nayo Handeni mpaka Korogwe, mwanamke wa umri wake, akamimina yote.

Nikachukua kile kipimo cha kioo kinachoelea, ambacho mume wangu alinifundisha kukisoma. Kikazama mpaka shingoni, maana yake chumvi imepungua. Chumvi ya kisima si chumvi ya bahari, hata robo yake haifiki. Matumbawe yalikuwa yamejifunga yote, yanatoa ute, na wale samaki wawili sikuwaona mahali popote.

Maneno yaliyonijia mdomoni nisingeweza kumwambia mkwe. Nikatoka uani nikawatukana kuku. Niliwatukana wote, jogoo na vifaranga, mpaka jirani akachungulia. Niliporudi ndani nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, khanga amejifunika kichwani. Alikuwa amesoma uso wangu.

"Nimemuua mwanangu?" akaniuliza.

Hakuuliza habari ya samaki. Ndipo nilipojua kwamba na yeye, tangu nimpigie simu, alikuwa anaogopa lile lile ninaloogopa mimi, na hakuna aliyethubutu kulitamka. Nikakaa chini karibu yake. Nikamwambia hapana mama, maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya bado yamo tangini, tunaweza kuyatoa. Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilisema kwa sababu alikuwa anatetemeka.

Tukafanya kazi. Mimi nilivuta maji kwa mpira wa bustani, nikayanywa bila kupenda, yakatiririka uani. Maji ya Tanga tuliyatia kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu nilikumbuka mume wangu akisema samaki hapendi mshtuko. Pampu niliifungua kwa kisu cha jikoni. Kile kifeni kidogo kinachozunguka kilikuwa kimeganda kwa magamba meupe, magumu kama ya ndani ya birika. Mama mkwe alipoyaona, uso wake ukarudi kidogo. Birika za Handeni zote zina magamba yale, na dawa yake anaijua. Akaniomba ndimu. Akakamua bakuli zima, akaloweka, akasugua kwa kitambaa huku midomo inasoma dua. Tulipochomeka, pampu ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikaanza kunguruma.

Nililia. Kelele niliyoilaani miaka yote, nilikaa nikailia kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Mama mkwe hakulia. Aliniambia nisifurahi mapema.

Na kweli. Siku zilizofuata matumbawe mengine yalifunguka, moja moja, kwa wasiwasi. Mengine yakabaki meupe kama mfupa na hayakurudi. Lile ua likatoa vidole vyake nusu. Samaki wengine tuliwaona, lakini wale wawili hapana, wamejificha nyuma ya mawe au wamekufa huko, sikujua, na sikuthubutu kuinua mawe. Kila alasiri niliongopa. Bando, kamera, mtandao. Mume wangu aliitikia mmh, wala hakubisha, na kutobisha kwake kulinitisha zaidi.

Asubuhi ya kupasuliwa alipiga yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuomba kuonyeshwa kitu. Akasema tu nimwombee, nikasema nakuombea, akasema haya. Binti akaja hewani akasema ndiyo wanamchukua.

Mama mkwe akatandika mkeka wa kuswalia chumbani. Mimi sikuweza kukaa wala kuswali. Nikaenda kwenye tangi, na pale juu ya maji, kwenye kona nyuma ya jiwe, kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa.

Samaki mmoja, ubavu juu.

Nilimtoa kwa upawa nikamlaza kwenye kisahani. Mapezi yalikuwa yameliwa na kaa wadogo wanaoishi mle chini ya mawe, mkia haupo. Sikuweza kujua ni yupi. Walipokuwa hai wote wawili, ukiwaona pamoja unajua huyu mkubwa, huyu mdogo, lakini maiti peke yake kwenye kisahani haina mwenzake wa kulinganisha. Nikampima kwa kidole changu. Dar es Salaam kifua cha mume wangu kiko wazi, na mimi nimesimama sebuleni Korogwe nauliza samaki: wewe ni mke au mume? Sijapata kuogopa vile, hata nilipojifungua nikadhani nakufa. Ningekuwa na nguvu ningemrudisha majini nisijue.

Ndipo yule mwingine akatoka. Alipita taratibu mbele ya kioo, akaenda kwenye ua, akazunguka, akarudi, akaenda tena, anamtafuta mwenzake. Mdogo. Alikuwa yule mdogo.

"Alhamdulillah," nikasema kwa sauti. Nimeshika kisahani chenye maiti na nasema Alhamdulillah. Aliyekufa ni mke. Kama ilikuwa lazima mmoja wetu aondoke, basi Mungu ameshachagua, na amechagua mimi, na mimi nimekubali. Sikufikiria hata kidogo. Nilikubali pale pale, kama mtu anayepokea chenji.

Nilimzika chini ya mndimu. Mama mkwe sikumweleza maana yake. Simu ilipoita mchana binti alikuwa analia, kumbe analia kwa furaha. Ametoka salama.

Alirudi akiwa mwembamba, shati limefungwa mpaka juu kuficha kovu. Mama yake alimpokea kwa kumshikashika uso. Yeye akatembea moja kwa moja mpaka kwenye tangi, kama nilivyojua atafanya, akasimama. Akaangalia matumbawe meupe. Akamwona mdogo. Akangoja, macho yanazunguka kwenye ua, kisha akauliza bila kugeuka, "Mkubwa yuko wapi?"

Nikamwambia nilimkuta amekufa siku ile ya kupasuliwa, asubuhi ile ile. Nikamwambia na pampu, na kisima, na kila alasiri niliyomwongopea. Halafu nikamwambia na ile Alhamdulillah niliyosema nilipojua aliyekufa ni yupi. Sijui kwa nini nilimwambia. Nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu.

Hakusema mmh. Aliweka kiganja kwenye kioo, na mimi nikangoja alilie samaki wake. Akakishika kiti chake kwa mkono mmoja, mwingine kifuani, akakigeuza taratibu mpaka mgongo wa kiti ukagusa tangi. Akakaa, bahari yote nyuma yake, uso kwangu.

"Vuta kigoda ukae," akasema. "Nikuone."