Yai la Swaumu

Ukitaka kumjua Swaumu binti Husseini, usianze na sura yake. Anza na jina. Alizaliwa Matungu katikati ya mwezi wa Ramadhani, na tangu alipojifunza kusema hapana, yaani mapema sana, watu walimtupia ile methali ya mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Alikuwa na jibu lake, na hakulibadilisha hata alipokuwa mtu mzima: "Mimi naitwa Swaumu. Idi hunifuata nyuma."

Baba yake alimnunulia cherehani akitumaini kwamba binti atatulia, ashone, aolewe. Swaumu aliitazama cherehani ile juma zima, kisha akaichora nyuma ya kalenda kuukuu. Mzee Husseini alipouona mchoro, aliunyoshea mkono ili alizungushe gurudumu, na kidole kikagonga karatasi. Akacheka, akaona haya, akakasirika, yote kwa pamoja. Mwaka uliofuata alimwacha aende kusomea uchoraji wa mitambo, msichana peke yake kati ya wavulana waliomuuliza kila asubuhi kama amepotea njia ya darasa la upishi.

Miaka ya tisini ilipoanza, alipata kazi mjini Kakamega kwenye karakana ya Mzee Patroba. Walitengeneza milango ya chuma, mikokoteni ya kubebea miwa, mashine za kupukuchua mahindi, na chochote mtu alichoweza kukieleza kwa mikono. Patroba alijifunza kazi relini, kule Butere, na huko alifundishwa namna moja tu ya kuchora: upande wa mbele, upande wa juu, upande wa ubavuni, kila kipimo mahali pake. Mchoro wa namna hiyo haudanganyi, na hilo Swaumu mwenyewe alilikubali. Ubaya wake ni kwamba hausemi na kila mtu. Sharti uzichukue zile pande tatu uzikunje kichwani mpaka zigeuke kitu kimoja, na mwenye shamba aliyekuja kuagiza mkokoteni hana muda wa kukunja karatasi kichwani. Anaona masanduku matatu, anaitikia, anaenda zake, na siku ya kuchukua mali yake ndipo anashangaa, "Kumbe ni hii?"

Kwa hiyo Swaumu alichora picha. Mistari ya wima aliiacha isimame, mingine akailaza digrii thelathini huku na huku, na kitu kikajitokeza karatasini na mbele yake, juu yake na ubavu wake, kana kwamba umekiweka mezani. Wateja walizipenda. Masinde, fundi wa kuchomea vyuma, ambaye hakuwahi kuketi darasa la uchoraji hata siku moja, alizipenda kupita wote.

"Hii yako inaongeanga," alimwambia.

Shida ni kwamba iliongea, naye Masinde akaisikiliza kupita kiasi. Picha ya kulaza mistari ina uongo wake. Duara likikaa ubavuni haliwezi kuchorwa duara. Ukilichora duara, jicho linakataa. Unalichora yai, na jicho linaona duara. Basi Swaumu alichora mashine ya kupukuchua mahindi, na pale mhimili unapopita kwenye mabamba mawili ya chuma, akachora mayai mawili kama kanuni inavyotaka. Masinde akatoboa, akashika tupa, akakwangua kutwa nzima kwa uangalifu wa kutisha, akaleta mabamba mawili yenye mayai mawili yaliyolingana kama pacha. Mhimili ulipotiwa humo ulicheza kama ulimi wa mlevi.

"Sasa mimi ningejua aje?" Masinde aliuliza, akiwa ameumia kweli. "Karatasi imesema yai. Mimi nikatoboa yai."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Patroba hakucheka. Alitundika bamba moja kwenye msumari juu ya meza ya Swaumu, la pili akalifanya kabari ya kuzuia mlango usijifunge, kisha akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa mabati, upande wa ndani, kwa herufi kubwa: PICHA MWIKO.

"Picha ni za karenda," alisema. "Ukichora ingine hapa, funga rula zako urudi Matungu."

Swaumu aliona aibu, tusifiche. Ilimpanda hadi masikioni. Lakini aibu ya Swaumu haikuwahi kufika machoni bila kugeuka hasira njiani. Bamba hakulitoa. Walipomwita Mama Yai, aliitika. Na moyoni alijua kosa lilikuwa lake: kando ya kila yai alipaswa kuandika neno duara. Picha haikuwa mbaya. Kibaya ni picha kuachwa iseme peke yake bila vipimo. Alijaribu kumweleza Patroba hayo. Patroba alimwonyesha mlango kwa kidole, asome.

Ndipo akaja Mama Zilpah. Alikuwa muuza mboga sokoni, mrenda na kunde na saga, na miguu yake haikumbeba tangu utotoni. Kila alfajiri nduguze walimsukuma kwa wilbaro, lile toroli la gurudumu moja, hadi kibandani kwake, na kila jioni aliwangoja wakumbuke kumrudia. Kikundi chake cha kanisa kilikuwa kimekubali kumlipia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mkono. Alitaka kwenda sokoni saa aitakayo yeye, na kurudi saa aitakayo yeye.

"Mulembe," alisalimu kutoka ndani ya wilbaro, akatoa mkono wa kushoto.

Kule kwetu mkono wa kushoto ni mkono wa kike. Hausalimii mtu, haupokei kitu. Swaumu naye alifunzwa hivyo hivyo madrasani. Patroba alikaza macho kwenye paa, akaupokea mkono ule upesi upesi, kama mtu anayemfichia mwenzake doa la nguo. Masinde alichunguza viatu vyake. Swaumu aligeukia dirisha. Ilikuwa heshima tupu, na kwa sababu ya heshima hiyo hakuna aliyeuliza neno.

Patroba alichora mwenyewe zile pande zake tatu, safi, na mpini wa kuzungushia akauweka kulia, mahali pa heshima. Akampa Mama Zilpah karatasi. Mama aliitazama kwa muda.

"Ni nzuri, asante," alisema, kwa sauti ya mgeni anayesifu chakula asichokijua.

Swaumu aliijua sauti hiyo. Aliisikia kwa kila mteja aliyewahi kusema kumbe ni hii. Akavuta karatasi mpya, akaibandika mezani.

"Swaumu," Patroba akaita.

"Naam, Mzee."

"Unafanya nini?"

"Nachora picha."

"Kwani hujasoma mlango?"

"Nimesoma vizuri kabisa. Mwandiko wako hauna shida."

Swaumu alichora baiskeli, na katika kiti akamketisha mama mwenye kitambaa cha maua kichwani, mkono wa kulia umeshika mpini kama Patroba alivyopanga. Kazi aliipenda na Matungu hakutaka kurudi, ila hakuacha kuchora. Alipomaliza alimshikia Mama Zilpah karatasi mbele ya uso.

Mama akaangua kicheko. "Huyu ni nani? Kitambaa ni changu, lakini huo mkono si wangu!" Kwa mkono wa kushoto alipandisha mkono wa gauni upande wa kulia, na chini yake ukaonekana mkono mwembamba uliolegea. "Huu wa kiume ulikufa pamoja na miguu. Mimi natumianga huu wa kike peke yake. Nilifikiri mumeona."

Walikuwa wameona, na wakajikataza kuona. Husemwa macho hayana pazia, lakini siku hiyo watu watatu walikuwa wameyatundikia mapazia. Mchoro wa Patroba, pamoja na usahihi wake wote, ungemtengenezea yule mama kiti kizuri cha kukalia mahali pamoja.

Patroba hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu wake. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

"Haya. Tengenezeni hiyo picha yenu," alimwambia Swaumu. "Na isipotembea yenyewe, utatembea wewe."

Basi Swaumu akakaa na kazi. Alihamisha mpini kushoto. Alichora picha ya pili kutoka nyuma, kwa kuwa picha haijui mgongo wake, na kapu la mboga lilikuwa la kukaa huko huko mgongoni. Aliandika vipimo. Kando ya kila yai aliandika DUARA, na Masinde, asije akajikwaa tena, akalinakili kwa chaki juu ya chuma: DUALA. Kila alipofika tundu aliuliza, "Hili ni duala la kweli ama la macho?" Swaumu alimjibu kila mara bila kuchoka.

Siku ya majaribio Mama Zilpah alipandishwa kitini, akashika mpini, akazungusha. Mpini ukazunguka. Gurudumu likasimama pale pale. Cheni ilikuwa inaning'inia kama kamba ya nguo.

Swaumu alipiga magoti, akapima, na kabla hajainuka alikwisha kujua. Katika picha ya namna ile, mistari inayofuata zile njia tatu unaweza kuipima kwa rula ukaiamini. Mstari unaokata mshazari kati ya njia hizo unadanganya urefu wake. Cheni ilitoka juu kwenye mpini ikashuka mshazari hadi gurudumu la mbele, na huo ndio umbali pekee aliosahau kuuandika. Masinde alipoona haupo, aliweka rula juu ya karatasi, akapima uongo.

"Matungu si mbali," Patroba alisema taratibu. "Kuna magari mpaka jioni."

Swaumu alisimama. Akaongea kwa nguvu ili wa mwisho uani naye asikie. "Nimekosea. Mstari mmoja, na ni kosa langu, si la Masinde. Lakini siendi mahali."

Mama Zilpah alikuwa bado kitini, ameshika mpini, hataki kushuka. Alimtazama tu Swaumu, na mtazamo huo ulimuuma kuliko maneno ya Patroba, kwa sababu nje ya mlango wilbaro lilikuwa linangoja.

Akafikiri. Cheni ikilegea, haifai kukatwa ovyo. Leo utaikaza, kesho italegea tena kwa kutumika. Dawa ni mhimili wa mpini uweze kusogea, upande kidogo, cheni ivutike, ndipo nati zikazwe. Na ili mhimili usogee, tundu lake haliwezi kuwa duara. Linatakiwa tundu refu kidogo. Linatakiwa...

Aliinua macho juu ya meza yake, kwenye msumari.

Masinde aliyafuata macho yale na akaelewa kabla ya neno. Mama Yai alipokuwa anashusha bamba lake, yeye alikwishafika mlangoni na kuipiga kabari teke. Mlango ukajifunga kwa kishindo, na wote mle ndani wakajikuta wanatazamana na maandishi ya chaki.

"Weka chini hiyo aibu," Patroba alisema.

"Hii aibu ni yangu, Mzee," Swaumu alijibu. "Naitumia nitakavyo."

Masinde alichomea mabamba yale mawili, moja huku na moja huku, mayai yakiwa yamelala kufuata njia ya cheni. Mhimili ukaingia ukacheza, ule ule mchezo uliowachekesha watu. Safari hii Swaumu aliusukuma juu kwa mpini wa nyundo mpaka cheni ikakazika, na Masinde akafunga nati kwa nguvu zake zote.

"Zungusha, mama."

Mama Zilpah akazungusha kwa mkono wa kike. Gurudumu likanguruma juu ya vumbi la chuma, likaenda. Akagonga meza ya Patroba, akacheka, akarudi nyuma, akapinda. "Nifungulieni mlango," alisema.

Swaumu aliufungua. Lakini kwanza alichukua picha yake, ile ya mama mwenye kitambaa cha maua, akaibandika mlangoni juu ya neno la pili la chaki. Likabaki lile la kwanza peke yake: PICHA.

Mama Zilpah alipita katikati ya uani, akatoka barabarani, akashika njia ya sokoni bila kuaga, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka. Nduguze walimfuata mbio na wilbaro tupu. Mzee mmoja alimkemea kutoka ng'ambo ya barabara kwamba mkono ule si wa kufanyia kazi mbele za watu, na wote wakamsikia akijibu bila kusimama, "Basi niletee wako!"

Patroba alisimama kando ya Swaumu, mikono nyuma, akitazama. Idi ilikuwa bado mbali, miezi kadhaa.

"Mkaidi hafaidi..." alianza kwa mazoea, kisha akanyamaza.

"Malizia, Mzee," Swaumu alisema. "Malizia tu."

Patroba aliutazama mlango, akaitazama barabara ambako kitambaa cha maua kilikuwa kinapotea kwenye kona.

"Idi Mubarak, Swaumu," alisema, akaenda kutafuta kitu kingine cha kuzuia mlango.