Chama cha Pikipiki Moja

Lutengano, karani wa serikali mjini Sumbawanga, alipanga chumba kimoja Majengo, na humo walilala wawili: yeye na pikipiki yake. Pikipiki ndiyo iliyopewa upande usiovuja. Aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na kwa miaka mitano hakuna aliyeigusa ila yeye na kitambaa chake cha kuifutia. Ukimwomba lifti, klachi ilikuwa mbovu. Ukimwomba tena kesho, klachi bado.

Kisha vita vikaisha, na petroli nayo ikaisha. Mzee Oswaldi, mgawaji wa vibali, akatangaza kwamba huu ni wakati wa Ujamaa: kibali cha petroli hapewi mtu mmoja, kinapewa kikundi. Lutengano hakukosa akili. Akachukua karatasi ya ofisini, akaandika "Chama cha Waendesha Pikipiki", akajiteua mwenyekiti, akaongeza majina mawili bila kuwauliza wenyewe: Wilibrodi, fundi baiskeli wa jirani, na Bertilla, mkunga wa zahanati. Kibali kikatoka.

Lakini mjini pale siri ilikuwa haikai hata siku tatu. Jumapili asubuhi walimgongea mlango wote wawili.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Wilibrodi, "tumesikia sisi ni wanachama. Tumekuja kuendesha."

"Nilikuwa njiani kuwaambia."

"Ndiyo maana tumekuja wenyewe, usichoke," alisema Bertilla, mkono tayari kwenye usukani.

Angefanyaje? Neno moja kwa Mzee Oswaldi, na kibali kingekwenda na maji. Jumapili nne akawafundisha uwanjani, akikimbia pembeni na kupiga yowe kila gia ilipokwaruza. Kabla ya hapo Jumapili yake ilikuwa chai na kitambaa tu. Sasa alianza kuingoja toka Alhamisi, ingawa asingekubali kulisema hilo hata kwa viboko.

Hapo ndipo Mzee Oswaldi alipomwita. "Jumapili nitakuwa kijijini Kaengesa. Saa saba mchana niwaone wanachama wote watatu na pikipiki yenu. Akikosekana mmoja, kibali nakifuta."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Lutengano ilikuwa maili ishirini, na petroli iliyobaki ilitosha kwenda na kurudi mara moja tu, na pikipiki isingebeba watatu. Bertilla ndiye aliyepata dawa.

"Tupokezane. Wa kwanza anaendesha maili kadhaa, anaiacha kando ya njia, ufunguo chini ya jiwe, yeye anaendelea kwa miguu. Wa nyuma akiikuta, anaipanda, anampita, anaiacha mbele."

"Kuiacha? Peke yake?"

"Haitaogopa," alisema Wilibrodi.

Lutengano alitangulia. Penye shamba la ulezi akaiegesha, akaficha ufunguo, akapiga hatua kumi, na hapo miguu ikagoma. Akarudi, akachutama ndani ya ulezi. Alikaa humo saa nzima na zaidi, mpaka wenzake walipotokea wakipiga soga. Wilibrodi aliitazama pikipiki, akautazama na ulezi, ambamo kofia ya mwenyekiti ilionekana vizuri kabisa.

"Dada Bertilla," alisema kwa sauti ya mnadani, "hivi kule mpakani Kasesya wananunua pikipiki kwa bei gani siku hizi?"

"Nzuri mno. Ikishavuka Zambia, nani ataiona?"

Lutengano alichomoka ulezini kofia ikiwa upande, akipiga kelele za mwizi. Aliwakuta wameketi chini, wamejishika mbavu kwa kucheka.

Bertilla ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "Mimi watu wananikabidhi wake zao na watoto wao, Mwenyekiti. Wewe unashindwa kunikabidhi chuma?"

Aibu ilimwingia Lutengano mpaka akakosa pa kuweka mikono. Na muda alikuwa ameuchezea: angetembea, angekuwa maili kadhaa mbele. Akatoa kitambaa mfukoni, akampa Wilibrodi.

"Pandeni wawili. Mtaniachia mbele. Mimi natembea."

Wakaondoka. Alipanda kilima cha kwanza, hakuna pikipiki. Akapanda cha pili, hakuna. Kasesya ikamjia kichwani na kukataa kutoka, akaifukuza kwa sauti, peke yake barabarani kama mlevi. Kilima cha tatu, hiyo hapo, kivulini mwa mkaratusi, kitambaa kimetandazwa juu ya kiti kisichomwe na jua. Chini ya jiwe kulikuwa na ufunguo, na kando yake hindi la kuchemsha ndani ya maganda yake. Lutengano alilia kidogo, jambo alilolikana maisha yake yote.

Aliwakuta wakiingia Kaengesa, akashuka, akaikokota ili waingie pamoja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Oswaldi alitazama saa, akawahesabu. "Ila nasikia pikipiki hii ni yako peke yako, Lutengano. Kweli?"

Wenzake walitazama chini.

"Ni ya chama, Mzee."

Mzee Oswaldi akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana. "Basi niandikeni na mimi. Toka ujana natamani kuendesha, na kila niliyemwomba alininyima. Naanza leo hii."

"Klachi..." Lutengano alianza. Wilibrodi akakohoa.

"Klachi iko mkono wa kushoto, Mzee," alisema Lutengano, akakunja suruali, tayari kukimbia pembeni.