Baa Alimongoja Papa

Usiku kucha nilijiuliza kama nimweleze Papa ukweli au nimwache na hasira yake ya miaka mingi.

Jioni iliyotangulia, wenzangu niliohitimu nao walinipeleka kwenye baa ya Kiingereza karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, Bruxelles. Mlangoni nilipokewa na harufu ya zulia lililolowa bia na mbao za zamani.

Utotoni niliwahi kukaa na Papa katika baa kama hiyo, kiti cha ngozi kikininata mapajani. Papa alikaa wima akimngoja mhudumu, kama tulivyozoea kwenye mikahawa ya Bruxelles. Hakuna aliyekuja.

"Papa, niko na kiu."

"Vumilia, mutoto. Wanatuona."

Mwishowe alisimama. "Bon, twende. Hapa hawataki watu weusi."

Sasa, nikiwa na wenzangu, niliona kila mtu akiinuka na kwenda kaunta kuagiza mwenyewe. Ndiyo desturi ya baa za Waingereza tangu zamani. Sikucheka wala sikuumia. Niliwaza tu jinsi Papa atakavyoona aibu akijua.

Asubuhi nilimpigia simu, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Akauliza:

"Donc hata wazungu walikuwa wanajiendea kaunta?"

"Ee, Papa. Wote."