Tusi Nililolitunga kwa Ajili ya Vidonda

"Mtoto hatoki vidonda mdomoni bure," nyanya alisema. "Amemtukana mtu mzima."

"Mama, ni ugonjwa tu," mama akajibu, chupa ya dawa ya zambarau mkononi. "Njeri, panua mdomo."

"Paka, paka! Mwezi ujao utapaka tena."

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, tukikaa mtaa wa Huruma, na kuhusu kurudi nyanya alisema kweli. Vidonda vilirudi kila mwezi. Hata chai ilinichoma. Kwake tiba ilikuwa moja: umwendee uliyemtukana, akubariki.

Siku tatu mfululizo aliniuliza ni nani. Sikuwa nimemtukana mtu. Siku ya nne nilichoka, nikamtaja Mama Salim, jirani yetu mwenye kuuza mahamri, kwa sababu alikuwa mpole.

"Ulisemaje?"

"Kwamba mahamri yake yananuka."

"Ngai! Chakula cha mtu!"

Tukaenda. Kwetu mzee hubariki kwa kutema mate kidogo kifuani. Mama Salim, mtu wa pwani, alisoma dua akanipulizia usoni. Wiki haikuisha, nikapona. Nyanya akawasimulia wapangaji wote wa ploti yetu ushindi wake, nami nikawa mtoto mwenye mdomo mchafu. Akina mama waliwaita watoto wao ndani nilipopita.

Vidonda viliporudi, mama alinipeleka zahanati. Nyanya alifuata, apate kumsuta nesi. Nesi alitupa vidonge vya unga: nikifungue kimoja, niukoroge unga kwenye maji ya vuguvugu, nisukutue, niteme.

"Vitapungua makali," alisema, "ila huenda vikarudi. Hata bila dawa hupona baada ya siku kumi hivi."

"Hata asipoombewa msamaha?" nyanya akauliza.

Nesi akacheka, akavuta mdomo wake wa chini. Kidonda cheupe kilikuwa pale. "Na mimi, nyanya, kazi yangu hapa ni kutukanwa tu!"

Njiani nikalia, nikasema kweli yote.

Sasa nina miaka kumi na saba. Shule niliiacha kidato cha pili, na mengi siyajui. Ila najua mtoto mwenye maumivu atakiri lolote, na simlaumu nyanya: alitaka nipone, nayo ndiyo dawa aliyorithi. Wengi wangenyamaza. Yeye, siku ile ile, alinishika mkono hadi kwa Mama Salim, akakataa kiti, akasema pale pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika ploti nzima:

"Mtoto huyu hakukutukana. Ni mimi niliyemtukana yeye."