Sifuri ya Chumba cha Matangi

Skrini ilisema hewa ni salama. Pembeni yake, kwenye kamera, mtu alikuwa amelala kifudifudi na hatikisiki.

Wakuu, sijatunga. Nilikuwepo.

Kiwanda chetu ni cha soda. Kule chini kuna chumba cha matangi ya ile gesi ya mapovu. Haina rangi wala harufu. Ikivuja, unaanguka kabla hujaita mama. Ndiyo maana mlangoni pana king'ora, mtambo mkongwe unaoelewa namba tu.

Mimi niliandika programu mpya ya vipimo. Mwenzangu, tulimwita Chapchap, aliandika daraja: programu ndogo inayopokea kipimo kutoka kwangu na kukigeuza namba ambayo yule mkongwe anaielewa.

Siku hiyo Fundi, mzee wa mitambo, akapiga simu. Chapchap akaweka spika.

"Vijana, bomba la chini linapiga mluzi. Niingie?"

Chapchap akatupia jicho skrini ya king'ora. "Gesi sifuri, Fundi. Ingia tu."

"Haya. Nakuamini."

Nami nikaangalia programu yangu. Mahali pa namba palikuwa patupu. Kifaa cha kupimia kilikuwa kimekufa!

"Chap, kipimo kisipokuja, wewe unampa mkongwe nini?"

"Sifuri. Si hana namna ya kuambiwa 'sijui'? Ningempa nini sasa..."

Akashtukia alichokisema. Akairukia simu.

"Fundi, toka! Toka!"

Kwenye kamera, Fundi alikuwa ameshaanguka kifudifudi.

Tulishuka mbio. Walinzi wakatuzuia mlangoni mpaka vinyago vya hewa vilipoletwa. Walipomtoa, alikuwa ameshakata roho.

Chapchap akawasukuma wote. "Niachieni! Huyu ni baba yangu mzazi!"

Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua. Miaka yote anamwita Fundi kama sisi, eti watu wasije wakasema kabebwa na mzee wake. Hata salamu walipeana kama wageni. Roho iliniuma mno.

Baada ya mazishi alirudi, akaandika upya daraja: kipimo kisipokuja, king'ora kilie. Akachomoa waya kujaribu.

King'ora kikalia.

Hakukizima. Alikaa sakafuni akalia nacho, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Ndugu zangu, ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Haikupunguzii kitu. Sisi tuliinyima mashine neno hilo, na aliyelilipia ni mzee wa watu aliyemwamini mwanawe.